Kitu Gani Kinaugusa Mtutu?

Ukipiga nyundo kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, kama kengele za shule nyingi za kwetu, chuma kizima huimba. Ukikishika kwa mkono mmoja na kupiga tena kwa mwingine, sauti huwa si ile. Mtutu wa bunduki nao huimba hivyo hivyo kila risasi inapopita ndani yake. Hutikisika na kujipinda kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na risasi hushika njia kufuata pale mdomo wa mtutu ulipokuwa umeelekea wakati inatoka. Mlenga shabaha hawezi kuomba mtutu utulie, maana hautatulia. Anachoomba ni utikisike vile vile, leo na kesho, jua likiwaka au mvua ikinyesha.

Ndiyo maana mtu akiniuliza achague bunduki gani ya kujijengea kwa ajili ya shabaha, sianzi na bei wala jina la kampuni. Huanza na swali hili: kitu gani kinaugusa mtutu?

Mimi ni mtu wa Tanga. Kazi ya kerezo nilijifunzia kwenye karakana ya reli, na kwa miaka mingi sasa naishi Toledo, jimbo la Ohio, ambako nachonga mihimili na vipuri vya mashine. Kutoka kwangu hadi Camp Perry, kando ya Ziwa Erie, ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Kwa wanaopenda mchezo wa kulenga shabaha nchini Marekani, hakuna uwanja wenye heshima kuushinda huo. Mashindano ya taifa yalianza mwaka 1903 huko New Jersey, yakahamia Camp Perry mwaka 1907, na hadi leo kila kiangazi maelfu ya watu hukusanyika pale: wanajeshi, walimu, wakulima, mabinti wa sekondari, wazee wa miaka themanini. Mafundi kama mimi tupo wengi.

Karakanani kwetu yuko kijana wa Bukavu, hodari wa mikono, ambaye baada ya kuniona na vitabu vyangu vya alama alianza kuulizauliza. Siku moja wakati wa chakula akasema, "Mzee, na miye nataka nijijengee yangu. Nitwae ya gani? Ile ya mbao inanipendeza sana."

Nikamwambia, "Hata mimi inanipendeza, mdogo wangu. Ila utaweza kuilea?"

Haya ninayoandika ni majibu yale yale niliyompa, ila hapa nayaeleza kwa kituo kwa ajili ya msomaji ambaye labda hajawahi kushika bunduki na hana nia ya kushika.

Tunazungumzia bunduki inayojipakia yenyewe. Ukivuta kifyatulio mara moja inatoka risasi moja, kisha sehemu ya nguvu ya mlipuko inatumika kulitoa ganda na kuingiza risasi nyingine. Usipokivuta tena, hakuna kinachotoka. Hii si ile ya kivita inayomimina risasi mfululizo. Kusema kweli, anayetaka usahihi wa hali ya juu kwa njia nyepesi anunue bunduki ya kukokwa kwa mkono, ambayo komeo lake hutulia kimya wakati risasi inapita. Katika bunduki inayojipakia kuna vyuma vinavyokwenda mbele na nyuma, kuna tundu kwenye mtutu la kuchukulia gesi, na chemba yake lazima iwe na nafasi kidogo ili ganda lisikwame. Vyote hivyo ni maadui wa usahihi.

Lakini mashindano ninayoyapenda yanaitaka hiyo hiyo. Kwenye yadi 200 na yadi 300 kuna mizunguko ya haraka: risasi 10 kwa sekunde 60 ukiwa umekaa, halafu risasi 10 kwa sekunde 70 ukiwa umelala kifudifudi, na katikati yake unabadilisha magazini. Kisha unarudi nyuma hadi yadi 600, karibu mita 550, unalala chini na kupiga polepole, moja moja. Duara la alama 10 kwenye ubao wa yadi 600 lina kipenyo cha inchi 12, na ndani yake kuna duara dogo la inchi 6, la kuwatofautisha waliolingana. Bunduki inayoweza kukusanya risasi zake ndani ya inchi moja kwenye yadi 100 itazikusanya ndani ya inchi 6 kwenye yadi 600, upepo ukiwa haupo. Kando ya Ziwa Erie upepo upo. Upepo wa maili 10 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni unaisukuma risasi ndogo futi tatu hivi kabla haijafika ubaoni. Kwa hiyo bunduki isikuongezee mashaka yake juu ya mashaka ya upepo.

Sasa tuje kwenye ile ya mbao. Kijana wangu aliipenda M1A, na ni bunduki ya kupendwa kweli. Ukoo wake unaanza kwa John Garand, mzaliwa wa Quebec, Kanada, aliyebuni katika ghala la silaha la serikali huko Springfield, Massachusetts, bunduki ya M1 iliyokubaliwa na jeshi la Marekani mwaka 1936. Mtoto wake ni M14 ya mwaka 1957. M14 haikukaa sana, kwani utengenezaji wake ulisimamishwa mwaka 1964, lakini walenga shabaha waliing'ang'ania. Baadhi ya zilizosifiwa sana kwa ubora wa vyuma vyake zilitengenezwa na TRW mjini Cleveland, hapa hapa Ohio, kampuni iliyokuwa na mizizi katika vipuri vya magari. Kwa fundi wa kerezo hilo si ajabu: anayejua kutengeneza vali za injini kwa maelfu, zote sawasawa, anajua kufanya kazi kwa kipimo. M1A ni ndugu wa kiraia wa M14, isiyo na uwezo wa kumimina, na imeuzwa tangu miaka ya 1970.

Ishike M1A mkononi, ufuate mtutu wake kwa kidole kuanzia nyuma. Mwili wa chuma umekaa ndani ya kitako cha mbao ya jozi, umebanwa na sehemu ya kifyatulio kutoka chini. Juu ya mtutu kuna kifuniko cha mkono kilichopachikwa. Mbele zaidi kuna pete ya chuma inayokutana na ncha ya kitako, halafu silinda ya gesi iliyobana mtutu wenyewe, na pembeni kuna ufito mrefu unaokwenda na kurudi kila risasi inapotoka. Vyote vinaugusa mtutu au vinagusa kitu kinachougusa. Na mbao ina tabia zake: hunyonya unyevu, huvimba, hukauka, hunywea. Asubuhi yenye ukungu wa ziwani na mchana wa jua kali, bunduki ile ile inaweza kupeleka risasi mahali pawili.

Mafundi wa zamani wa jeshi walilijua hilo wakalitafutia dawa, na dawa yenyewe ni kazi ya mikono ya kustaajabisha. Unachimba mbao mahali mwili wa chuma unapokaa, unajaza gundi ngumu ya epoksi, unaulaza mwili humo ukiwa umepakwa dawa ya kuzuia usinate, na unauacha mpaka gundi ikauke kwa umbo lake halisi. Ukiutoa unaona chapa ya kila kona, hata alama za kisu cha mashine kwenye chuma zimejichora kwenye gundi. Pete ya mbele inaunganishwa na silinda ya gesi ziwe kitu kimoja. Kifuniko cha juu kinafungwa kisichezecheze. Na ncha ya kitako inarekebishwa ivute mtutu chini kwa nguvu ileile kila siku. Angalia busara iliyomo: fundi hakuweza kuondoa vitu vinavyougusa mtutu, kwa hiyo amevilazimisha viuguse kwa namna moja tu.

Tatizo ni kwamba dawa hiyo huisha. Kila unapotoa chuma kwenye mbao, unaila gundi kidogo. Ndiyo maana wenye M1A zilizotengenezwa hivi huziacha kwenye mbao msimu mzima, na huzisafisha kwa kuingiza ufito kutokea mdomoni, kwa sababu mwili wake umezibwa nyuma. Mdomo wa mtutu ndio mahali pa mwisho risasi inapoguswa na chuma. Ukiukwaruza, umeharibu kitu usichoweza kukirudisha kwa kufuta na kitambaa. Baada ya risasi elfu kadhaa unairudisha kwa fundi ailaze upya. Mafundi wenyewe wanazeeka, na vijana wanaojua kazi hiyo wanazidi kupungua. Mtu akitaka kuweka darubini, nayo ni shida nyingine, kwa maana mwili wa M14 haukubuniwa kubeba darubini juu. Kiungo kinafungwa ubavuni kwa parafujo, na parafujo hulegea.

Naipenda bunduki hiyo kwa moyo wote. Kwa mtu anayeanza, siwezi kumshauri ajenge nayo.

Ile ninayomshauri inatoka ukoo mwingine. Mwaka 1922 huko Gosport, Indiana, alizaliwa Eugene Stoner. Hakuwa na shahada ya uhandisi. Alikuwa amefanya kazi za ndege na kutumikia kikosi cha wanamaji wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Miaka ya 1950 alijiunga na ArmaLite, kitengo kidogo cha kampuni ya ndege ya Fairchild kilichokuwa Hollywood, California, na huko akabuni AR-10. Mwili wake ulikuwa wa alumini ya ndege. Watu waliona alumini wakaogopa, lakini hawakuona jambo kubwa alilofanya: komeo la Stoner halijifungi kwenye mwili. Linazungushwa kidogo na meno yake yanajifunga kwenye kipande cha chuma cha pua kilichokazwa moja kwa moja nyuma ya mtutu. Nguvu yote ya mlipuko inabaki kati ya komeo na mtutu. Mwili wa alumini kazi yake ni kuvishikilia tu.

Jambo la pili: gesi haisukumi ufito mzito kando ya mtutu. Inarudi kwa kibomba chembamba hadi nyuma, ndani ya kibebeo cha komeo. Na la tatu, lililokuja baadaye kwa mikono ya mafundi wa mashindano, ni kifuniko cha mbele kinachofungwa kwenye nati iliyo nyuma ya mtutu, halafu kinaendelea mbele bila kuugusa mtutu popote. Unaweza kuvuta ukanda wa bega kwa nguvu zako zote, au kuegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, na mtutu hauna habari. Ule ukanda kwenye bunduki ya kawaida ya aina hii, isiyo na kifuniko cha namna hiyo, huupinda mtutu kiasi cha kuhamisha risasi kwa inchi kadhaa kwenye yadi 200. Nimeona watu wakilaumu macho yao kwa kosa la kifuniko.

Rudi kwenye swali letu. Kitu gani kinaugusa mtutu wa Stoner uliojengwa hivyo? Nyuma, nati yake. Mbele, kibomba cha gesi na kipande kinachokishikilia. Basi.

Msomaji wa Afrika Mashariki ajue pia kwamba AR-10 haikubaki hadithi ya Wamarekani. Mwaka 1958 Sudan ilinunua takriban 2,500, zilizotengenezwa Uholanzi, na askari wa miamvuli wa Ureno walizitumia Angola na Msumbiji wakati wa vita vya ukombozi. Walizisifu kwa kulenga sawasawa. Waliolengwa walikuwa ndugu zetu, na hilo silisahau ninaposifia uhandisi.

Stoner na wenzake walipoipunguza AR-10 ndipo ikazaliwa AR-15, ambayo haki zake Colt ilizinunua mwaka 1959 na jeshi likaiita M16. Kwa miaka mingi walenga shabaha wa Camp Perry waliiona kitu cha kuchezea, na walikuwa na sababu. Mitutu ya mwanzo ilikuwa na mifuo ya ndani ya kuizungusha risasi, inayozunguka mara moja kwa kila inchi 12, au polepole zaidi, na inatosha kwa risasi nyepesi ya gramu 3.6 tu. Risasi nyepesi hupeperushwa na upepo. Risasi ndefu na nzito zaidi inahitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi, la sivyo inayumba angani na kufika ubaoni ubavu. Miaka ya 1980 ilipokuja M16A2 yenye mifuo inayozunguka mara moja kwa kila inchi 7, mlango ukafunguka. Watengenezaji wakaleta risasi za gramu 5 na zaidi, zenye umbo la kupenya upepo, na katikati ya miaka ya 1990 kikosi cha walenga shabaha wa jeshi kikaiacha M14. Wenye mbao walicheka kwa msimu mmoja au miwili. Baada ya hapo wengi wao nao wakanunua.

Sababu ya pili iliyowashinda ni bega. M14 hupiga teke; ukiisha kupiga risasi 10 kwa sekunde 60 umesukumwa nje ya mkao wako mara 10, na kila mara lazima ujipange upya. Ile ndogo haikutoi mahali pako. Mabinti wa miaka 15 walianza kuwashinda majenerali.

Kuna jambo moja la kuelewa kuhusu risasi hizo nzito. Magazini ya AR-15 inapokea risasi yenye urefu usiozidi inchi 2.26 hivi, kuanzia kitakoni hadi nchani. Ile ya gramu 5 inaingia. Ile ya gramu 5.2, ambayo wengi huipenda kwa yadi 600, ikikazwa kwenye ganda inavyotakiwa ni ndefu mno, kwa hiyo tunaiingiza moja moja kwa mkono. Kwenye yadi 600 muda upo, haidhuru kitu. Lakini hapo ndipo mtu anapoanza kutamani bunduki kubwa zaidi.

Bunduki kubwa ya ukoo wa Stoner, ya risasi ya .308 au 6.5 Creedmoor, ni kazi nzuri sana. Mapema miaka ya 1990 Stoner akishirikiana na Knight's Armament alitoa SR-25, jina lililopatikana kwa kujumlisha 10 na 15, na kizazi chake, M110, kikawa bunduki ya wadunguzi wa jeshi la Marekani. Creedmoor, iliyotolewa na Hornady mwaka 2007, inakwenda mbali na inashindana na upepo vizuri kuliko .308 huku teke lake likiwa dogo. Kwa anayetaka kupiga yadi 1,000 ningemwambia aende huko bila kusita.

Ila anayejijengea lazima ajue mtego uliopo. AR-15 ina vipimo vya jeshi ambavyo karibu kila kiwanda kinavifuata, kwa hiyo sehemu ya juu ya kiwanda hiki inakaa kwenye sehemu ya chini ya kiwanda kile. AR-10 haikuwahi kuwa silaha kuu ya jeshi la Marekani, na hakuna aliyeweka kipimo kimoja. Wengi hufuata michoro ya DPMS, wengine ya Knight's, na ArmaLite ya miaka ya 1990 ilikuwa na yake, mpaka magazini tofauti. Mkunjo wa sehemu ya juu wa huyu una mduara, wa yule umenyooka. Uzi wa nati ya mtutu si mmoja. Komeo la huku halikai kule. Nimeletewa mezani mfuko wa vipuri vya dola nyingi ambavyo kila kimoja ni kizuri na havipatani hata viwili. Anayeanza achague mfumo mmoja, anunue mwili, komeo na mtutu vilivyopimwa pamoja.

Kijana wangu aliniuliza pia kuhusu G3 na FAL, kwa kuwa amekulia mahali ambapo bunduki huonwa barabarani. G3 msomaji wa Kenya anaijua mabegani mwa polisi. Kwa swali langu la kwanza G3 inafaulu vizuri kuliko watu wanavyodhani: haina tundu la gesi kwenye mtutu, na mtutu wenyewe uko huru. Hufunguka kwa msaada wa vidude viwili vya mviringo vinavyochelewesha komeo, na chemba yake ina mifuo midogo inayopitisha gesi kando ya ganda ili lisinate. Okota ganda lake ulitazame: lina michirizi myeusi kuanzia shingoni kushuka, na mara nyingi limebonyea ubavu kwa jinsi lilivyotupwa mbali. Heckler & Koch waliitengenezea ndugu ya udunguzi, PSG-1, baada ya msiba wa Olimpiki ya Munich wa mwaka 1972. Lakini mtutu wake umepachikwa kwa kushindiliwa kwa mashine ya nguvu, na si kitu cha kubadilisha nyumbani. FAL nayo kilengeo chake cha nyuma kimefungwa kwenye nusu ya chini yenye bawaba, ilhali cha mbele kiko upande wa mtutu. Nusu mbili zikicheza hata kidogo, shabaha inacheza nazo. Hizo ni silaha zilizofanya kazi waliyoagizwa. Kujengea usahihi juu yake ni kupanda mlima ambao njia ya kuuzunguka ipo.

Mtutu ukishapata mahali pa kukaa, ndio unaobaki kuamua kila kitu, na hapa ndipo ningetaka pesa iende. Mtutu mzuri wa mashindano ni wa chuma kisichoshika kutu kwa urahisi. Viwanda kama Krieger cha Wisconsin huchonga mifuo kwa njia ya kale: kisu kidogo chenye ndoana kinavutwa ndani ya tundu huku kikizungushwa, kinakwaruza unga wa chuma mwembamba mno, kinarudi, kinahamia mfuo wa pili, kinarudi tena, mamia ya safari kwa mtutu mmoja. Mimi ninayeshinda siku nzima nikipimana na sehemu za elfu za inchi, nikikutana na kazi hiyo huvua kofia.

Ninacho kipande cha mtutu wangu wa zamani nilichokipasua kwa urefu baada ya kuchoka. Watu hudhani mtutu huisha kwa kusuguliwa na risasi. Hapana. Sehemu ya mbele, hata mkononi, bado ina makali ya mifuo kama ilivyotoka kiwandani. Uharibifu uko inchi chache za mwanzo, mbele tu ya chemba, ambako moto wa baruti ni mkali zaidi. Ukitazama kwa kioo cha kukuzia, chuma kimepasuka nyufa ndogondogo zilizokatana, rangi yake kijivu cheusi, na mwanzo wa mifuo umesogea mbele. Mtutu wa .223, risasi ya AR-15, unaweza kukupa risasi 5,000 hivi za mashindano kabla ya hapo. Ule wa milimita 6 wenye kasi kubwa unaweza kuchoka kwenye 2,000 au chini yake. Kwenye AR-15 nabadilisha mtutu jioni moja kwa jiliwa, spana na uvumilivu. Kwenye M1A ni safari ya kwa fundi, na kulazwa upya.

Jambo jingine dogo, la usalama, ambalo kila anayejijengea bunduki ya aina hii aoneshwe kwa macho. Ingiza risasi kwenye chemba kwa kuachia komeo, kisha itoe bila kuifyatua. Tazama fataki iliyo kitakoni mwake: katikati kuna nukta ndogo inayong'aa. Pini ya kufyatulia, kwa AR na M1A, haishikiliwi na springi. Komeo likigota mbele, pini inaendelea kidogo na kugusa. Ndiyo sababu anayejipakia risasi zake atumie fataki ngumu zilizotengenezewa bunduki za namna hii, na azizamishe vizuri kwenye ganda. Na ndiyo sababu mdomo wa bunduki uelekee ubaoni kabla hujaachia komeo, si baada yake.

Kuhusu sheria sitasema mengi. Nchini Marekani kipande ambacho sheria inakihesabu kuwa ndiyo silaha ni mwili wa bunduki, na kwa AR ni ile nusu ya chini. Ukinunua dukani unajaza fomu na jina lako linapekuliwa na FBI. Mwenye makazi ya kudumu anaruhusiwa kwa sheria ya shirikisho. Mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, na kosa hilo linaweza kumrudisha mtu alikotoka. Majimbo nayo yana yake. Linaloruhusiwa Ohio linaweza kuwa kifungo California, na tangu 2023 Illinois imefunga mlango kwa aina nyingi za bunduki hizi. Nyumbani kwetu mambo ni mbali kabisa na haya, na ndugu anayerudi likizo asibebe hata ganda tupu mfukoni.

Kijana wa Bukavu amechagua AR-15 yenye mtutu mzito wa inchi 20, mifuo mara moja kwa kila inchi 8, kifuniko kisichougusa, na kifyatulio cha uzito usiopungua ratili 4.5 kama kanuni zinavyotaka. Tangu mwaka 2016 darubini ya ukuzaji usiozidi mara 4.5 inaruhusiwa, lakini nimemwambia aanze na vilengeo vya chuma na pesa ya darubini ainunulie risasi za mazoezi. Mtutu umeagizwa, kwa wachongaji wazuri foleni ni ya miezi. Kiangazi ataingia kwanza katika shule ya Camp Perry ya wanaoanza, ambayo imekuwapo tangu 1918 na ambako mwanafunzi huazimwa bunduki, ajifunze mkao na pumzi, na ajifunze kushuka shimoni nyuma ya tuta kuvuta mbao za wenzake na kuwaonesha alama, kazi ambayo kila mshindani huifanya kwa zamu.

Ile ya mbao ninayo mimi. Kuna mashindano maalumu ya M1A katika wiki zile zile, na nimemwahidi kumwazima siku hiyo apige nayo, kwa sharti moja tu: asiitoe kwenye mbao.